Salome Karwah: Muuguzi aliyeishinda Ebola, akafariki baada ya kujifungua

Huenda ulimwona Salome Karwah kwenye jalada la jarida la Time, Desemba 2014, miongoni mwa waliopambana na Ebola. Leo tumkumbuke, kwani kifo chake ni funzo kwa kila nyumba yenye mzazi.

Mnamo Agosti 2014, Ebola iliwaua baba na mama yake nchini Liberia. Yeye, dada yake na mchumba wake waliugua, wakapona. Kisha Salome alirudi katika kituo kile kile cha Monrovia kilichomtibu, akawahudumia wagonjwa kana kwamba ni watoto wake.

Februari 2017 alijifungua mtoto wa nne kwa upasuaji. Baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, mwili ulianza kumtukutika. Jamaa zake walisema aliporudishwa hospitali, wahudumu waliogopa kumgusa kwa kuwa aliwahi kuugua Ebola. Akafariki, akimwacha mume na watoto wanne.

Je, wewe hudhani kwamba mama akishajifungua hatari imekwisha? La! Kifafa cha uzazi, kinachotokana na shinikizo la damu, huweza kumpata hata baada ya kujifungua. Mzazi akilalamikia maumivu makali ya kichwa, macho yakiona kiwi, au akivimba uso na mikono, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje kuche.

Na aliyepona ugonjwa, tusimtenge. Salome hakumtenga mtu.