Nili ya Japani

Hapa Lubumbashi Japani tunaijua kwa magari yake, na wazee wanaikumbuka kwa shaba, kwani katika miaka ya 1970 Wajapani walikuwa wakichimba Musoshi, karibu na Kasumbalesa. Kwa nguo zake hatuijui, na hilo ni pengo kubwa: mama anayejua kuchagua kikwembe katika soko la Kenya hapa mjini angeuelewa ufundi wa nchi hiyo upesi kuliko wengi.

Ufundi huo huanza na nili, rangi ya buluu itokanayo na majani ya mnili. Inayosifiwa zaidi hutoka Tokushima, kisiwani Shikoku. Mto Yoshino ulifurika mara kwa mara na dhoruba ziliharibu mpunga, lakini mnili huvunwa kabla dhoruba hazijafika, nao ulineemeka kwa tope la mafuriko. Majani hukaushwa, hulundikwa ghalani, humwagiwa maji na kupinduliwa kwa siku 100 hivi, mpaka yageuke kama udongo mweusi. Baadaye huchachushwa katika mapipa pamoja na maji ya majivu, chokaa na pumba za ngano. Kitambaa hutoka humo na rangi ya kijani, kikapigwa na hewa kikawa buluu papo hapo. Anayetaka buluu nzito hukichovya tena na tena.

Lakini fundi hupimwa kwa sehemu zilizobaki nyeupe. Katika mji wa Arimatsu, ulioanzishwa mwaka 1608 kando ya barabara kuu ya Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto, ardhi ilikuwa duni kwa kilimo, wakazi wakajifunza kufunga pamba kwa uzi ili rangi isipenye, na kuwauzia wasafiri. Mitindo ya kufunga imepita 100. Maelfu ya mafundo madogo hukazwa kwa mkono, na yote hufunguliwa baada ya kutia rangi.

Wengine hukata nakshi kwenye karatasi iliyopakwa maji ya tunda la kaki, kisha huilaza juu ya kitambaa na kupitisha juu yake gundi ya mchele. Palipo na gundi hapaingii nili. Vikwembe vyetu vya wax vilianza kwa wazo hilohilo, ila Wazungu walitumia utomvu na mashine.

Mwaka 1897 kampuni ya Kijerumani BASF ilianza kuuza nili ya kiwandani, na mashamba ya Tokushima yakapungua sana. Leo familia zinazochachusha majani hayo zinahesabika kwa vidole, na nguo zao ni ghali. Kwa kazi niliyoieleza, bei hiyo naiona halali kabisa.