Branula Huziba Dawa Ikishaisha

Muuguzi anapomdunga mtoto dawa, macho ya watu wote kitandani huwa kwenye bomba la sindano. Dawa inapungua, mtoto analia, mama anambembeleza. Bomba likichomolewa, kila mtu hugeukia mambo yake. Kumbe shughuli ndiyo inaanza. Bomba linapotoka huvuta kidogo, na kule kwenye ncha ya branula, ule mrija mwembamba ulioachwa ndani ya mshipa, damu hurudi nyuma kujaza pengo. Ni damu kidogo mno, haifiki hata tone zima, na aliye nje hawezi kuiona. Ikiachwa humo, inaganda. Dozi ya pili inapofika muuguzi anasukuma, na bomba haliendi.

Katika ukanda wa Ziwa Victoria nchini Kenya, muda kati ya dozi moja na nyingine umebadilika sana. Zamani mtoto mwenye malaria kali alitundikiwa kwinini: dripu ya polepole, hadi saa nne kwa dozi, mara tatu kwa siku, na katikati akaongezewa glukosi kwa kuwa kwinini hushusha sukari mwilini. Mrija haukupata nafasi ya kutulia. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo. Kati ya waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, kati ya waliopewa atesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Atesuneti haitundikwi. Hudungwa kwa dakika moja au mbili: mtoto anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa. Dawa hiyo imeokoa watoto wengi, na papo hapo ikaibebesha branula kazi ambayo haikuwa nayo: kukaa kimya nusu siku nzima bila kuziba.

Kwa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia hilo si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika ukanda wa ziwa. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 6.

Muulize muuguzi yeyote aliyekesha wodi ya watoto pande hizi, iwe Ahero au Mbita, branula nzuri ni ipi. Hatakutajia kampuni. Atakutajia rangi. Ya manjano ni namba 24, nyembamba, ya watoto wachanga na wadogo. Ya buluu ni 22, ya waridi ni 20, ya kijani ni 18, ya kijivu ni 16, na ya chungwa ni 14, nene kuliko zote. Namba zinakwenda kinyume: ikipanda, tundu linapungua. Na tundu likipungua kidogo, mtiririko hupungua sana. Mfaransa Jean Poiseuille alishalipima hilo karne ya 19: mrija wenye upana maradufu hupitisha maji mara 16, msukumo na urefu vikiwa sawa.

Mgeni wa wodi ataona jibu ni rahisi, yaani weka nene isizibe. Muuguzi atatikisa kichwa. Branula nene ndani ya mshipa mwembamba ni kama mtumbwi mpana kwenye mfereji mwembamba. Hakuna maji yanayopita kando. Damu inayoizunguka husimama, ukuta wa mshipa unasuguliwa, unavimba, na kuganda kunaanza kutoka nje ya mrija. Kwa hiyo yeye huchagua nyembamba kadiri matibabu yanavyoruhusu. Mtoto wa atesuneti na antibayotiki, ya manjano inamtosha. Aliyepungukiwa damu naye hupokea damu kwa hiyo hiyo, ila polepole, na chupa ya damu ina saa zake: ikishatoka kwenye friji, iwe imeisha ndani ya saa nne.

Baada ya rangi atazungumzia mahali. Kwenye kiungo, mtoto akikunja mkono mrija unapinda, kwa hiyo yeye huutafuta mshipa wa mkono ulionyooka, mbali na kifundo na kiwiko. Halafu plasta: branula inayochezacheza haidumu. Halafu malighafi, kama kuna nafasi ya kuchagua, kwa sababu mirija ya poliyurethani hulainika kwa joto la mwili na kuukwaruza mshipa kidogo kuliko ile migumu ya teflon.

Lakini sauti yake hubadilika anapofika kwenye kuflashi, yaani kuisafisha branula kwa salaini, maji ya chumvi. Hapo huongea kwa mikono. Bomba la mililita 10, kwa sababu bomba dogo husukuma kwa shinikizo kubwa mno. Salaini tu, kwa branula ya mkononi heparini haihitajiki. Sukuma kidogo, tulia, sukuma kidogo, tulia, ili maji yazunguke na kukwangua kuta za mrija. Usimalize hadi tone la mwisho. Na kati ya dawa mbili zisizopatana, flashi, maana fenitoini ikikutana na glukosi hugeuka chembechembe, na seftriaksoni haitaki kalsiamu. Kuziba huko si kwa damu, na salaini haikuondoi. Branula ikishagoma, hailazimishwi: donge linaweza kuingia mwilini.

Kisha huja kizibo, au kiunganishi, pale bomba linapochomekwa, na hapa ndipo uchaguzi wa kifaa unapokuwa kitendawili. Viko viunganishi ambavyo bomba likichomolewa huvuta damu ndani. Hivi hufungwa klempu, kile kibanio cha mrija, kwanza, ndipo bomba litoke. Viko vinavyosukuma maji kidogo kwenda mbele. Hivi ni kinyume, bomba hutoka kwanza, klempu baadaye. Viko visivyovuta wala kusukuma sana, na viko vyenye kiwambo kinachozuia damu kurudi. Kwa macho vinakaribiana kufanana. Mkono uliozoea aina moja, ukipewa nyingine, utafanya kosa huku ukiamini unatenda sawasawa.

Kushindwa kwa branula si tatizo la ziwani peke yake. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya theluthi na nusu ya branula hushindwa kabla matibabu hayajakwisha. Nchini Australia, utafiti ulioongozwa na muuguzi Claire Rickard na kuchapishwa mwaka 2012, kwa wagonjwa 3,283, uligundua kwamba kuzibadilisha kila siku ya tatu bila sababu hakukupunguza uvimbe wa mishipa: asilimia 7 kila upande. Branula ikifanya kazi vizuri, na ikikaguliwa kila zamu, iacheni.

Matokeo hayo yana uzito wake Kisumu. Katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, hulazwa pia wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu ulioenea zaidi ukanda huu kuliko sehemu nyingi za Kenya. Kwa mtu aliyechomwa tangu utotoni, mishipa mizuri huhesabika, na mara nyingi ni yeye anayemwonyesha sista pa kuanzia. Mtoto wa malaria akikosa mshipa, atesuneti inaweza kudungwa pajani. Lakini mgonjwa wa selimundu akihitaji damu, damu haidungwi pajani.

Vifaa hivi vya hospitali nyingi za umma hununuliwa na kaunti, vingi kupitia KEMSA, mamlaka ya taifa ya ugavi wa dawa na vifaa vya tiba, na kwenye zabuni bei ya kipande kimoja huonekana haraka. Kiunganishi chenye kiwambo ni ghali kuliko kizibo cha kawaida. Lakini branula iliyoziba usiku hula branula nyingine, glavu, plasta na muda wa muuguzi mwenye wodi iliyojaa. Ni nani anayezijumlisha hesabu hizo mbili kwenye karatasi moja? Muuguzi huulizwa kabla ya oda kutiwa saini, au huletewa katoni? Na shehena ijayo ikija na kiunganishi cha aina nyingine, nani atamwambia wa zamu ya usiku kama afunge klempu kwanza, au achomoe bomba kwanza?