Daraja Lililofunikwa au Daraja la Paa? Ziara ya Vivuko vya Kaplong na Viunga Vyake

Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana kwa mara ya kwanza na yale madaraja ya mbao yenye paa yanayopatikana Marekani, Uswisi na Uchina, aghalabu huandika "daraja lililofunikwa". Kisarufi hana kosa. Hata hivyo, na aipeleke tafsiri hiyo Kaplong mwezi wa Aprili, wakati mvua za masika zimeshika, amwambie dereva wa matatu kwamba mbele kuna daraja lililofunikwa. Dereva atageuza gari. Kwake yeye, kama ilivyo kwa wengi waishio kando ya mito ya Kericho na Bomet, daraja lililofunikwa ni daraja lililomezwa na maji. Mfasiri alitaka kutaja kinga, msikilizaji amesikia hatari.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu: kazi ya paa katika daraja, sababu za madaraja ya aina hiyo kutozuka katika nchi ya majani chai, na mambo ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuyatazama na kuyauliza akivitembelea vivuko vya sehemu hizo. Hoja yetu ni kwamba istilahi njema hufuata kukijua kitu chenyewe. Anayetaka kulipa daraja jina hana budi kwanza kusimama juu yake, chini yake na kando yake.

Paa la daraja lina kazi gani?

Watu wengi hudhani kuwa paa liliwekwa ili kumkinga msafiri na mvua, au kuwatuliza farasi wasiogope maji. Manufaa hayo yapo, lakini si sababu ya msingi. Paa hulikinga daraja lenyewe. Daraja kubwa la mbao hubebwa na viunzi vya pembetatu vilivyosimamishwa pande zote mbili za njia. Mahali boriti zinapoungana ndipo maji hujipenyeza, na maji yakikaa mbao huoza kutokea ndani. Daraja la mbao lililoachwa wazi huweza kuchakaa katika miaka kumi au ishirini hivi, ilhali lililoezekwa na kuzibwa ubavuni huweza kupita karne moja. Linapovuja, hubadilishwa paa, na mifupa ya daraja ikabaki.

Mifano ipo. Huko Philadelphia, daraja la mbao lililovuka Mto Schuylkill lilifunguliwa mwaka 1805 na likaezekwa ili lidumu. Ndilo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina hiyo nchini Marekani. Daraja la Cornish–Windsor, linalounganisha majimbo ya New Hampshire na Vermont, lilijengwa mwaka 1866 na lingali linatumika. Mjini Lucerne, Uswisi, daraja la Kapellbrücke limekuwapo tangu karne ya 14, ingawa sehemu kubwa yake iliteketea kwa moto mnamo Agosti 1993, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka uliofuata.

Lakini paa halizuii mafuriko. Tarehe 28 Agosti 2011, dhoruba iliyoitwa Irene ilipofika Vermont, daraja la paa la Bartonsville lililojengwa mwaka 1870 lilisombwa na mto. Mvua ya juu lilikuwa limeishinda kwa miaka 141. Maji ya chini yaliliondoa kwa siku moja. Kwa hiyo hata katika nchi ya madaraja ya paa, kufunikwa kwa paa na kufunikwa kwa maji ni mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa katika istilahi moja.

Kwa nini hayakuzuka Kaplong?

Kaplong ni njia panda. Barabara itokayo Narok kupitia Bomet huelekea Sotik na Kisii, na hapo hukutana na ile itokayo Kericho kupitia Litein na Kapkatet. Ni eneo la vilima, mito mingi na mvua nyingi; Kericho hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Miti haikukosekana. Mtarakwa, unaosifika kwa kustahimili mchwa na kuoza, huota katika nyanda za juu za Mau. Mvua ilikuwapo na mbao zilikuwapo. Kwa nini basi hapakuzuka daraja la paa?

Jibu lipo katika gurudumu. Daraja kubwa la mbao ni gharama, na gharama hiyo hulipwa na jamii yenye mikokoteni na magari ya farasi yanayohitaji njia pana na imara. Kabla ya ukoloni, Wakipsigis walisafiri kwa miguu pamoja na mifugo yao. Kijito kidogo kilivukwa kwa gogo lililolazwa toka ukingo hadi ukingo; mto mkubwa ulivukwa mahali penye maji haba. Gogo likioza, lingine lilikatwa. Kuliezekea gogo paa kungekuwa sawa na kumvisha mbuzi kanzu.

Magurudumu yalipofika, yalifika pamoja na chuma na saruji. Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Ili kuteremka mteremko wa magharibi wa Mau, reli hiyo ilivuka mabonde kwa madaraja marefu ya chuma, na 27 kati ya hayo yalijengwa na kampuni ya American Bridge ya Marekani. Taifa lililosifika kwa madaraja ya mbao yenye paa sasa lilikuwa likiuza chuma. Kampuni za chai zilipoanza mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920, wakati wa daraja la mbao ulikuwa umekwisha kupita. Nchi hii iliruka kutoka gogo hadi chuma na zege.

Mwambao una lake

Kutokuwapo Kaplong si kutokuwapo katika Uswahili. Mjini Lamu, mpitaji wa vichochoro hujikuta mara kwa mara akipita chini ya chumba kilichojengwa juu ya njia, kikiunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Jina lake ni wikio. Kwa njia hiyo watu wa ukoo mmoja, hususan wanawake, waliweza kutoka nyumba hii kwenda ile bila kushuka barabarani, na mpita njia akapata kivuli.

Unguja nako, Jumba la Maajabu lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 liliungwa na majumba jirani ya kifalme kwa njia za juu zenye paa, ili wanawake wa jumba la mfalme wapite bila kuonekana. Jumba mojawapo kati ya hayo, Beit al-Hukm, liliangamizwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na sehemu ya Jumba la Maajabu lenyewe iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Tunaona basi kuwa Waswahili walijenga njia za juu zenye paa na wakazipa jina. Tofauti ni kwamba wikio halivuki maji, na kusudi lake ni sitara ya mtu, wala si uhai wa mbao. Kulitumia neno hili kwa daraja la Vermont kungekuwa kulinyang'anya maana yake. Ni bora libaki na kazi yake, nasi tuseme "daraja la paa", kama tusemavyo nyumba ya bati au mlango wa mbao. Istilahi hii ni fupi, na haiwezi kumfanya dereva wa Kaplong ageuze gari.

Ziara: tutazame nini?

Msomaji atauliza: ikiwa madaraja ya paa hayapo, ziara ya Kaplong ni ya nini? Ni ya kuviona vivuko vilivyopo kwa macho yale yale ambayo wengine huyatumia kwa madaraja yao ya kale.

Akitokea njia panda ya Kaplong, mgeni anazo njia tatu. Upande wa Sotik atauona Mto Kipsonoi, ambao maji yake huingia Mto Sondu na hatimaye Ziwa Viktoria. Akiendelea hadi Kisii atafika soko la Daraja Mbili, ambalo jina lake la Kiswahili limesimama katikati ya nchi ya Abagusii. Upande wa Kericho atapita Litein na soko la Chemosit, lenye jina moja na mto wake. Upande wa Bomet ataukuta Mto Nyangores, ambao huungana na Amala kuufanya Mto Mara. Mwenye siku ya ziada atavuka Kericho hadi Londiani, Kipkelion na Fort Ternan kuyaona mabonde yaliyowatoa jasho wajenzi wa reli.

Katika kila kivuko, na aulize maswali yafuatayo. Kabla ya daraja hili watu walivuka wapi? Lililotangulia lilikuwa la nini, nalo liliondokaje? Mahali hapa panaitwaje kwa Kikipsigis, na jina hilo lina maana gani? Maji hufika wapi mvua ikizidi? Nani huamua kuwa leo hakuvukiki? Wazee ndio watakaoyajibu mengi ya maswali hayo. Na awaamkie kwanza, aseme atokako na alilolijia, ndipo aulize. Ndani ya mashamba ya kampuni aombe ruhusa. Juu ya reli asitembee. Na mto ukiwa umefurika asishuke ukingoni.

Maswali haya si ya kupitisha wakati. Katika nchi ya majani chai, daraja ni riziki. Majani yaliyochumwa asubuhi hayana budi kufika kiwandani siku hiyo hiyo. Daraja la njia ya shambani likikatika, jasho la mchumaji huharibika ndani ya magunia. Daraja ni uhai pia. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu wakati maji yamepita juu ya kivuko, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Kujua alama ya zamani ya maji, na kuwa na maneno yasiyo na utata ya kuitangaza, ni jambo la kufa na kupona.

Hazina ya maneno

Vivuko hutufundisha pia kuwa Kiswahili hakikosi msamiati wa kuvuka. Tunalo neno ulalo, kutokana na kulala, yaani mti uliolazwa juu ya kijito. Hilo ndilo gogo la Kaplong tulilolitaja. Tunalo kivuko, litokanalo na kuvuka. Tunalo tingatinga, ambalo siku hizi wengi hulijua kwa maana ya trekta, lakini kamusi hulitaja pia kwa maana ya daraja linalotikisika. Tunalo kantara, kutoka Kiarabu, kwa maana ya daraja.

Neno daraja lenyewe lina safari yake. Katika Kiarabu lina maana ya kidato cha ngazi au cheo, na maana hizo zimebaki tunaposema daraja la kwanza katika mtihani. Katika Kiswahili likaongezewa kazi ya kuvusha watu juu ya maji, likaisukuma kantara pembeni. Leo limekuwa jina la mahali toka Darajani ya Unguja hadi Daraja Mbili ya Kisii. Ulalo na kantara vimebaki kamusini. Neno lisilotumika huoza kama boriti isiyo na paa.

Hitimisho

Mwaka 2009, shirika la UNESCO liliorodhesha urithi wa Uchina unaohusu madaraja ya mbao yenye matao, ambayo mengi yana paa. Kilichoorodheshwa si madaraja, bali ujuzi wa mafundi wanaoyajenga, kwa kuwa ulikuwa hatarini kutoweka. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mwezi wa Agosti 2022, daraja la kale la Wan'an katika jimbo la Fujian liliteketea kwa moto. Daraja likiungua, fundi anayejua kazi yake huweza kulisimamisha tena. Fundi akienda na ujuzi wake, hakuna wa kulisimamisha.

Vivyo hivyo kwetu. Magogo ya zamani ya Kaplong yameoza, wala hakuna atakayeyarudisha. Lakini wapo wangali wanajua yalikuwa wapi, yalikatwa kwa mti gani, na palipovukwa paliitwaje. Tunapendekeza kwamba kila mwanachama anayetoka sehemu hizo, likizo ijayo, achague kivuko kimoja tu cha kwao, ayapeleke maswali yale kwa mzee mmoja, na kuyaandika majibu kwa Kiswahili pamoja na majina ya Kikipsigis kama yanavyotamkwa. Daftari kumi za namna hiyo zitalisaidia jopo lolote la istilahi kuliko orodha ndefu iliyotafsiriwa mezani.