Harufu mbaya chooni na bafuni: jinsi ya kujua inakotoka na kuiondoa

Katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kama vile Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, familia nyingi hutumia choo cha shimo na bafu lililojengwa kando yake. Wanaoishi Mbarara au Kampala mara nyingi hupanga nyumba zenye choo cha kumwagia maji. Kote huko malalamiko yanafanana: choo kinanuka.

Hili si suala la aibu mbele ya wageni tu. Choo kikinuka, watoto hukikwepa na kujisaidia nyuma ya nyumba au kwenye shamba la jirani. Hapo ndipo kuhara na kipindupindu hupata njia, na ndipo ugomvi kati ya mkimbizi na mwenyeji huanzia. Kabla ya kununua dawa ya manukato, tafuta kwanza harufu inatoka wapi.

Anza kwa kutambua aina ya harufu

Pua huzoea. Aliyekaa ndani kutwa nzima hawezi kuamua vizuri. Toka nje kwa dakika kumi, kisha rudi, au mwombe jirani akusaidie.

- Harufu kali inayochoma macho: ni mkojo uliokauka kwenye sakafu au ukutani. Sugua kwa maji na sabuni, na uzibe nyufa za sakafu, maana mkojo huingia humo.
- Harufu ya mayai yaliyooza: ni hewa kutoka ndani ya shimo, tangi la maji taka au bomba.
- Harufu ya uvundo, hasa baada ya watu kuoga: ni maji ya sabuni yaliyotuama.

Kama choo chako ni cha shimo

Jiulize kwanza: kina bomba la hewa au hakina? Jibu hilo hubadilisha kila kitu.

Choo kisicho na bomba kinatakiwa kufunikwa tundu lake kila baada ya matumizi, kwa kifuniko kinachokaa vizuri. Mwaga pia kikombe cha majivu makavu kila mtu anapomaliza. Majivu hukausha uchafu, hupunguza harufu na huwazuia nzi.

Choo chenye bomba la hewa hufanya kazi kwa njia tofauti. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa kutoka shimoni, na hewa safi huingia kupitia mlangoni na kushuka kwenye tundu. Ukifunika tundu, unakata njia hiyo. Familia nyingi hufanya kosa hili kwa nia njema, kisha hushangaa kwa nini choo kinanuka zaidi. Choo cha namna hii kiache tundu wazi, lakini ndani kuwe na giza. Nzi walio shimoni hufuata mwanga ulio juu ya bomba, hukwama kwenye wavu na kufa humo.

Kujua kama bomba linavuta, shika uzi mwepesi au kipande cha karatasi laini juu ya tundu. Kikivutwa kuelekea chini, hewa inapita. Kikitulia au kikisukumwa juu, kagua mambo haya:

1. Je, utando wa buibui umeziba bomba? Mwaga ndoo ya maji kutoka juu ya bomba.
2. Je, wavu umechanika au umeziba kwa vumbi? Usafishe au uubadilishe.
3. Je, bomba ni fupi? Linapaswa kupita juu ya paa kwa angalau nusu mita. Bomba la plastiki liwe na upana wa milimita 150 hivi.
4. Je, kuna mti au ukuta unaozuia upepo? Punguza matawi.
5. Je, kuna ufa kati ya sakafu na shimo? Uzibe kwa saruji, au kwa udongo wa mfinyanzi kama saruji haipo.

Usielekeze maji ya kuoga kwenye choo cha shimo kikavu. Shimo likilowa hunuka zaidi na hujaa upesi. Usimwage pia dawa nyingi za kuua vijidudu, kwa sababu zinaua hata vile vinavyosaidia kuozesha uchafu. Uchafu ukibakiza nusu mita kufika sakafuni, choo kimefika mwisho. Acha kukitumia, jaza udongo na uombe mahali pa kuchimba kingine, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Kama choo chako ni cha kumwagia maji

Chini ya choo, na chini ya tundu la bafu, bomba hupinda. Maji kidogo hubaki kwenye mpindo huo na kuwa kama mlango unaozuia hewa ya maji taka isipande. Maji yakikauka, mlango uko wazi. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa wiki kadhaa hunuka unaporudi. Mwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu, kisha subiri saa moja. Ukiwa unasafiri, kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji hayo huchelewesha kukauka.

Harufu ikibaki, jaza maji kwenye kaveera, ulifunge na uliweke juu ya tundu moja la sakafu usiku kucha. Asubuhi, kama harufu imepungua, umepata chanzo. Kama haijapungua, hamia tundu lingine. Matundu yote yakiwa mazima, tazama pale choo kinapokutana na sakafu: maji yanayovuja hapo ni dalili ya kiungo kilichoachia.

Ukisikia bomba likibwabwaja kila unapomwaga maji, huenda halina njia ya hewa, au tangi limejaa. Hapo ni kazi ya fundi na mwenye nyumba. Mweleze mapema, mkiwa pamoja na wapangaji wenzako.

Kama ni bafu

Maji ya bafu yaelekee kwenye shimo lililojazwa mawe, nje ya bafu. Sabuni na nywele huziba mawe hayo. Yatoe, yaoshe, yaanike juani na uyarudishe. Usiache maji yatiririke hadi uwanja wa jirani.

Hatari ambazo hazisamehewi

Hewa ya shimoni inaweza kuua. Ile yenye harufu ya mayai yaliyooza, ikizidi, huizimisha pua, na mtu hudhani hatari imekwisha. Usishuke shimoni kufuata simu au kitu kingine chochote. Mtu akianguka, piga kelele za msaada na umteremshie kamba. Anayeshuka kumwokoa mara nyingi hufia humo. Usiwashe moto wala mshumaa juu ya tundu, kwa kuwa baadhi ya hewa hizo hushika moto. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya kusafishia, wala usiimwage juu ya mkojo mwingi. Mvuke wake huumiza mapafu.

Ukishindwa, umwone nani?

Mweleze mhudumu wa afya wa kijiji au kiongozi wa kamati ya ustawi wa wakimbizi katika eneo lako. Wenyeji wanaweza kuanzia kwa mwenyekiti wa LC1. Eleza mambo matatu: harufu ni ya aina gani, huzidi wakati gani, na umekwisha jaribu nini. Kama choo kinatumiwa na familia kadhaa, pangeni zamu ya usafi na mchango wa matengenezo kabla hakijaharibika. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinashauri choo kimoja kisizidi watu 20. Kama chenu kinahudumia zaidi ya hao, taja idadi hiyo unapotoa taarifa.