Herufi 10 zimechanganyika: mkaaji wa Zongwe anajua jibu

ZONGWE, KALEMIE – Herufi ni tano: V, A, U, N, Y. Zipange upya, upate kitu ambacho mvuvi hawezi kwenda kazini bila hicho. Mkaaji wa Zongwe, upande wa Kalemie katika jimbo la Tanganyika, anaweza kupata neno hilo kabla ya kushika kalamu. Ni NYAVU.

Mchezo wa namna hii una jina kubwa katika magazeti ya Marekani. Unaitwa Jumble, na ulianzishwa mwaka 1954 na mchoraji Martin Naydel. Kila siku msomaji anapewa maneno manne yaliyovurugwa na picha moja ya kuchekesha. Akishapanga maneno, anachukua herufi zilizozungushiwa duara na kutunga jibu la mwisho. Jibu hilo huwa na maana mbili, na hapo ndipo kicheko kinapotokea.

Lakini fumbo kama hilo haliwezi kutafsiriwa kutoka Kiingereza au Kifaransa. Neno lenye maana mbili kule, huku lina moja, na masihara yanafia njiani. Anayetaka kucheza kwa Swahili lazima atunge upya, kwa maneno ya kwao.

Tujaribu. Maneno ni haya: VAUNY, SAKAI, GNAAN, GOMET. Yote ni vifaa vya mvuvi. Picha inaonyesha kitambaa cha mtumbwi, kile kinachoshika upepo, kimeanikwa katikati ya pori kavu, mbali kabisa na maji. Chini ya picha kuna maneno mawili, kila moja lina herufi tano. Ukiyaunganisha, pori lile linajaa maji. Ni maneno gani?

Kwa hesabu tupu, kazi ni ngumu. Herufi tano tofauti zinaweza kupangwa kwa njia 120. Lakini Swahili yenyewe inamsaidia msomaji, kwa kuwa maneno yake hutembea kwa silabi, na silabi nyingi huishia na irabu. Katika VAUNY, N na Y hupenda kukaa pamoja. Ukiziunganisha, njia 120 zinabaki nne tu: nyavu, nyuva, vanyu, vunya. Sikio linachagua lenyewe.

Vivyo hivyo GNAAN inakuwa NANGA, ile inayoshika mtumbwi usichukuliwe na mawimbi. SAKAI ni KASIA, ambayo wengine wanaiita kafi. GOMET ni MTEGO: M ikitangulia, zinabaki silabi mbili tu za kupanga.

Sasa zichukuliwe herufi za duara: N, Y na A kutoka nyavu, K, I na A moja kutoka kasia, N moja, G na A moja kutoka nanga, T kutoka mtego. Jumla ni 10. Zikipangwa ovyo, zinatoa njia 302,400. Zikipangwa kwa silabi za t, ng, ny na k, njia zinabaki 96. Na anayekumbuka picha hahitaji hata hizo 96. Kitambaa kile ni TANGA. Pori lile ni NYIKA. Tanga, nyika: Tanganyika.

Jina hilo lenyewe limewasumbua wageni tangu zamani. Mwingereza Richard Burton, aliyefika kwenye ziwa mwaka 1858 pamoja na John Speke, aliandika kwamba maana yake ni mahali maji yanapokutana. Wengine waliofuata walilieleza kwa njia nyingine. Kwa Burton, basi, ziwa ni mkutano wa maji yaliyochanganyika, kama vile herufi zilivyochanganyika kwenye fumbo. Maji hayo yanapita nchi nne, na yanatoka kwa mto Lukuga, hapo hapo Kalemie, kuelekea mto Congo.

Kuvuruga maneno kwa makusudi si kitu kigeni kwa Waswahili. Huko Zanzibar kulikuwa na kinyume, usemi wa siri ambao silabi ya mwisho inaletwa mbele: nyumba inakuwa mbanyu. Askofu Edward Steere alichapa mifano yake katika kitabu cha mwaka 1870. Na anayesema "Kitendawili!" hujibiwa "Tega!", kwa sababu fumbo nalo ni mtego.

Kinachohitajika leo ni kuleta mtego huo kwenye maandishi. Katiba ya 2006 inataja Swahili kati ya lugha nne za kitaifa za Congo, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za kitaifa nafasi ya kufundishia. Lakini mtoto hapendi kusoma kwa sababu sheria imesema. Anapenda kusoma akikuta kitu cha kumchekesha, chenye maneno anayoyasikia nyumbani. Anayetafuta nyavu ndani ya VAUNY tayari anajifunza silabi, tahajia na subira, na hajui kama yuko darasani.

Mchezo huu haudai kitabu wala umeme. Mwalimu mwenye ubao na kipande cha chaki anaweza kuuanza kesho asubuhi. Mzazi anaweza kuchora herufi mchangani, watoto wakimzunguka wakisubiri chakula cha jioni.

Kwa mwenye hamu, hili hapa la kwenda nalo nyumbani. Ni samaki wadogo, wanaanikwa juani na kuuzwa kwa vipimo sokoni Kalemie, na silabi zao zimegeuzwa tu: LAKANDA.