Kweli au Si Kweli: Ufundi wa Bunyoro na Buganda

"Kujifungua kwa kupasuliwa kuliletwa Uganda na wazungu."

Si kweli, ingawa hapa Kampala utayasikia maneno hayo hata kwa wasomi. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa bado anasomea udaktari, alishuhudia mama wa miaka ipatayo 20 akipasuliwa huko Kahura, Bunyoro. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewalewa, akafungwa kitandani kwa mikanda ya nguo ya magome. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akamwosha nayo tumbo, kisha akamalizia na maji. Akapasua wima, kutoka chini ya kitovu, huku msaidizi akigusa palipovuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto alipotolewa, mfuko wa uzazi haukushonwa, ulikandwa tu hadi ukanywea. Tumbo ndilo lililofungwa kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa zikang'aa, zikakazwa kwa nyuzi za magome. Juu yake ikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto, na bendeji ya nguo ya magome.

Siku ya tatu ikatolewa pini moja, siku ya tano tatu nyingine, na ya sita zile zilizobaki. Kufikia siku ya 11 kidonda kimefunga, mama mzima na mtoto mzima. Utaratibu wa pini zile ndio unaonishangaza kuliko yote, kwa sababu hakuna anayeupata kwa kubahatisha. Hiyo ni kazi ya watu waliokwishapasua wengi na kurithishana ujuzi, wakati ambapo Ulaya kwenyewe mama wengi waliopasuliwa walikufa. Felkin alichapisha habari hizi Edinburgh mwaka 1884.

"Ndio upasuaji wa kwanza wa aina hiyo Afrika ambao mama na mtoto walipona."

Si kweli. Daktari James Barry alifanikiwa Cape Town mwaka 1826. Mganga wa Kahura hahitaji kuongezewa sifa isiyo yake.

"Mti wa mutuba hufa ukibanduliwa gome."

Si kweli, na anayeamini hivyo hajawaona mafundi wa ukoo wa Ngonge, Mpigi. Msimu wa mvua fundi hukwangua gome la nje, akalibandua la ndani, kisha akaufunika mti kwa majani ya migomba ili usikauke. Gome huota upya, na mti mmoja huvunwa mwaka baada ya mwaka. Gome lenyewe hutwangwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mipana hadi myembamba, mpaka litanuke na kulainika likawa lubugo, yaani nguo ya magome. Haufumwi hata uzi mmoja. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005.

"Ziwa la Kabaka lilichimbwa na watu."

Kweli. Ziwa lile lililo karibu na Ndeeba ni kazi ya mikono, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, miaka ya 1880. Alikusudia mfereji ufike hadi Ziwa Viktoria, lakini haukufika. Machifu nao walilazimishwa kuchimba, na chuki iliyotokana na kazi ile ilichangia kumng'oa Mwanga mwaka 1888.