Nani Ana Haki ya Kututoza Kodi?

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora na pembe ya ndovu begani kwenda Bagamoyo alijua vema kwamba mbele yake iko Ugogo, na Ugogo haipitiki bila hongo. Zamani zile neno hili halikuwa na aibu liliyo nayo leo. Lilikuwa ushuru wa njia: nguo, shanga na nyaya alizopewa mtemi ili msafara upite salama na kunywa maji ya visima vya nchi yake. Lakini kiasi chake hakikuandikwa popote. Msafara wa leo ulitoa kidogo, wa kesho ukadaiwa maradufu, na mabishano yaliweza kuchukua siku kadhaa huku posho ya wapagazi ikiisha.

Huko Tabora kwenyewe kodi ilileta vita. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alipotaka bidhaa za wafanyabiashara Waarabu zilipiwe kodi, wao walimwondoa kwa bunduki wakamtawaza Mkasiwa, naye Mnywa Sele akaendelea kupigana mpaka alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo naye akaifunga njia ya Ujiji. Hatusemi kwamba watemi walikosea kudai, maana nchi ilikuwa yao. Kilichokosekana ni baraza ambamo mdai na mdaiwa wangeketi pamoja na kusema: kodi ni hii, nayo itadumu hivi mpaka sisi wenyewe tuibadilishe.

Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1926 halikuwa baraza la namna hiyo. Mwafrika alilipa kodi karibu miaka ishirini kabla ya mwenziwe kuonekana ndani yake. Na mwaka 1945, walipoingia Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Abdiel Shangali wa Machame, waliteuliwa na Gavana, hawakuchaguliwa na walipa kodi.

Ndiyo sababu mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwezi wa Januari 1958 ulikuwa mzito kiasi kile. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti la kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake isihesabiwe. Wajumbe wengi walitaka uchaguzi ususiwe, na hasira yao ilikuwa ya haki. Julius Nyerere aliwasihi waingie, kwa kuwa asiyemo barazani habadilishi sheria. Mkutano ulikubali, Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuanzisha chama chake. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda.

Leo Bunge linakaa Dodoma, katika Ugogo ile ile ya hongo. Katiba ya 1977, katika ibara ya 138, inakataza kodi yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Na yafaa ieleweke kwamba Bunge kwa maana ya Katiba si wabunge peke yao. Lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge.

Muswada wa kodi huletwa na Serikali. Mbunge wa kawaida hawezi kuuleta kwa hiari yake. Hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa mara ya kwanza, yaani hutajwa jina lake tu pasipo mjadala, ukapelekwa kwenye kamati. Hapa ndipo wengi wetu tunapopitwa na mambo. Kamati yaweza kuwasikiliza wananchi na vyama vya wafanyakazi, na kifungu kibaya ni rahisi kukisahihisha kingali mezani pake. Sisi husubiri makofi na makelele ya kusomwa mara ya pili, wakati hoja nyingi zimekwisha kukatwa. Halafu Kamati ya Bunge Zima hupitia kifungu kwa kifungu, muswada husomwa mara ya tatu, na ukipita hupelekwa kwa Rais. Rais akikataa huurudisha pamoja na sababu zake. Nao wabunge wakiupeleka tena kabla ya miezi sita kwa kuungwa mkono na theluthi mbili ya wote, Rais hana budi kuukubali katika siku 21 au alivunje Bunge.

Aweza pia kulivunja likikataa bajeti, na wabunge wakarudi majimboni kuomba kura. Tukumbuke hilo tunapowalaumu kwamba husema "ndiyo" upesi mno.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha tozo ya miamala ya fedha kwa simu. Ilianza kukatwa tarehe 15 Julai, na hapo ndipo kilio kilipopanda, toka kwa mchuuzi wa asali wa Tabora hadi kwa kuli wa bandarini anayempelekea mama yake fedha kijijini. Mwezi wa Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Lakini viwango vyake havikuwa vimekaziwa ndani ya sheria. Sheria ilikuwa imemwachia Waziri avipange kwa kanuni. Basi punguzo lile lilitoka kwa kalamu ya Waziri, bila wabunge kupiga kura.